Mwambao Nilioupima kwa Kompa

Kyebando, Kampala
Jumamosi mchana, katikati ya Juni. Huu ni mwaka wa ishirini na saba tangu nitoke Uvira.

Feza, mwanangu,

Umekwenda Bugolobi kuchukua vyombo vyenu vya kupimia, na mama yako yuko uani anakunja upya nguo alizokwisha kuzikunja. Nimeona nikuandikie sasa, mwanga ungali mzuri, maana jioni nyumba itajaa wanajumuiya watakaokuja kukuombea, na kesho basi la Kigali halitaningoja nimalize sentensi. Habari za dawa, za soksi, za mahali pa kuficha simu, mama yako amekwisha kukwambia na atakwambia tena. Mimi nina jibu moja tu, ambalo umelingojea tangu Pasaka.

Uliniuliza tukiwa mezani, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi. Ulisema, "Baba, wiki ya pili tutafika kwenye ile ghuba. Nimewaomba wakuwekee nafasi kwenye gari. Utakuja unionyeshe mahali ulipomwacha bibi?" Nikasema tutaona. Tangu siku hiyo nimesema tutaona mara nyingi mpaka neno limeniishia maana. Na wewe umewaambia wenzako kwamba baba anakuja.

Nivumilie nianzie mbali kidogo. Nimekuwa mwalimu muda mrefu mno, siwezi kuandika jibu kabla ya kufuta ubao.

Unakumbuka ubishi wa dukani kwa Warsame, enzi zile ulipopenda kunifuata jioni kununua mkate? Msomali yule alikuwa na furaha moja tu duniani, nayo ilikuwa pwani ya kwao.

"Afrika bara, yote, nani ana pwani ndefu kuliko Somalia? Sema, mwalimu! Sema watu wasikie!"

"Hakuna," nasema.

"Na Kongo? Nchi kubwa kama tembo! Pwani yake je?"

Hapo Afande Okot, polisi mstaafu wa Kitgum aliyezeekea kazini Naguru, alikuwa anadakia kabla yangu: "Kongo? Iko kama shati kubwa ya mutu kubwa, lakini kifungo iko moja tu!" Na Warsame anamgeukia: "Wewe Afande nyamaza. Uganda hata hicho kifungo hamna." Okot anakunywa soda yake taratibu, anajifuta mdomo. "Kweli, sisi bahari hapana. Lakini nyinyi yote na bahari yenu, mumekuja lala kwa nani? Banange!" Duka zima linacheka, hata mimi, hata Warsame, ambaye hakuwa mwepesi wa kucheka.

Mimi niliwaambia kila mara kwamba ubishi wao hauna mwisho kwa sababu pwani haina urefu mmoja. Ukiipima kwa fimbo ya kilomita mia, unaruka ghuba zote na kupata nchi fupi. Chukua fimbo ya kilomita moja, unaingia kila ghuba, nchi inarefuka. Chukua rula ya mwanafunzi ukazunguke kila jiwe, utazeeka hujamaliza. Norwei ukiipima kwa kurukaruka ni nchi ya wastani; ukiingia kila mkono wa maji na kuzunguka kila kisiwa, inazipita nchi zinazoizidi ukubwa mara nyingi. Hata mipaka ya nchi kavu ni hivyo. Hispania na Ureno waliwahi kuandika mpaka wao mmoja kwa urefu tofauti, na si kwamba mmoja alidanganya. Aliye mdogo alipima kwa fimbo ndogo. Kwa hiyo ukisikia mtu analinganisha pwani za nchi mbili, usimuulize ni kilomita ngapi. Muulize alipima kwa fimbo gani.

"Mwalimu," Warsame aliniambia, "toka dukani kwangu na fimbo yako."

Nadhani ndiko ulikoipatia hii kazi, pale juu ya kreti la soda. Ulipokuja Aprili ukaniambia kwamba ziwa letu limepanda, limekula nyumba, na kwamba sasa nchi zote nne zinataka kujua kila moja ina mwambao kiasi gani, nilifurahi. Ukaniambia nchi moja ilipima kwa picha za angani, hatua ndogondogo, nyingine ilinakili ramani ya mkoloni, kisha wakaweka namba zao kwenye jedwali moja na kuanza kulinganisha. Ulicheka hadi machozi. Nilicheka nawe. Kisha nikaingia chumbani nikakaa kitandani, na mama yako akaja mlangoni akaniuliza, "Weye tena uko na nini?" Nilikuwa nimesikia kosa langu likielezwa na mtoto wangu kama kichekesho cha kazini.

Unajua kwamba bibi yako alibaki njiani. Hilo halikufichwa katika nyumba hii. Lakini hujui jinsi tulivyoichagua ile njia, nami sitaki ukasimame kwenye ghuba ile bila kujua.

Kule Uvira nilikuwa nafundisha jiografia sekondari. Kupima mwambao wa ziwa kwenye ramani ilikuwa somo langu la kila mwaka. Tulitumia uzi. Unaulowesha kwanza, maana uzi mkavu unakaidi, haulali kwenye kona. Ukiloa unatii, unaingia kila mahali ufuo unapoingia. Kisha unaunyoosha kwenye kipimo cha ramani. Ni kazi ya subira. Wanafunzi wavivu walitumia kompa, bikari kama nilivyosikia ikiitwa baadaye kule Kigoma: wanaifungua sana, wanaitembeza kwenye karatasi kama mtu mwenye miguu mirefu, kwa dakika moja wamemaliza. Niliwakata alama bila huruma. Niliandika kwa wino mwekundu: Umeruka maji.

Siku tuliyoondoka, risasi zilikuwa zinalia mlimani tangu asubuhi na barabara ilikuwa ya askari. Habari tuliyokuwa nayo ni kwamba kusini, mbali na mji, mashua zilikuwa bado zinavusha watu kwenda Kigoma. Jirani yetu mmoja alikuja akasema anapanda kwa ndugu zake mlimani na atamchukua mama yangu, wakae huko wangoje barabara itulie, sisi vijana tutangulie. Nikasema subiri. Nikatandika ramani kitandani. Mama yako, ambaye tulikuwa tumeoana mwaka ule, alikuwa anafunga sufuria kwenye kitenge. Uzi ulikuwa kabatini. Kompa ilikuwa mfukoni mwa koti. Nikaifungua, nikaitembeza kando ya maji, nikahesabu.

"Siku mbili," nikasema. "Kwa nini akangoje mlimani? Tukifuata ufuo ni siku mbili."

Bibi yako alikuwa amekaa mlangoni anafunga kiatu. Hakusoma hata darasa moja, lakini alikuwa na tabia ya kuuliza swali likakukaa mwilini. Aliinua kichwa. "Siku mbili za nani?"

"Za kutembea, Mama."

"Haya," akasema, akamaliza kufunga kiatu.

Tulibeba chakula cha siku mbili. Jirani akaenda mlimani na watu wake, na baadaye nilisikia kwamba walirudi wote mjini salama.

Feza, kila ghuba niliyoiruka kwa mguu wa kompa ilikuwa pale. Ilikuwa inatungoja. Na ndani ya ghuba mlikuwa na ghuba nyingine, na kati yake mwamba uliofika hadi majini, ambao huwezi kuuzunguka bila kupanda kwanza. Kila mto unaoshuka kutoka milimani, na ni mingi, ilibidi tuufuate juu hadi penye kina kidogo, tuvuke, kisha turudi chini upande wa pili, na jioni tunaona ng'ambo ya mdomo wa mto majivu ya moto wetu wa asubuhi. Kulikuwa na matete yaliyoota hadi mbali ndani ya ziwa. Siku ya pili ilikwisha hatujafika hata nusu. Bibi yako hakulalamika. Alinitania tu. "Mwalimu, karatasi yako haikuwa na mito?" Na tulipokutana na mwamba mwingine: "Huu nao hukuuona, au ulikuwa mdogo?"

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho hakikuwa kwenye kitabu chochote cha jiografia nilichokuwa nacho. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na moja, naruka kutoka jiwe hadi jiwe. Yeye aliliteremka kila jiwe, akalizunguka, akashika, akapumzika. Hatua ya mzee ni fimbo fupi sana. Tulikuwa tunatembea juu ya mchanga mmoja, na mwambao wake ulikuwa mrefu kuliko wangu mara nyingi. Hakuwa mzembe. Alikuwa anapima kwa usahihi kunishinda.

Siku ya tano, kwenye ghuba ndogo yenye michikichi, miguu yake ikakataa. Kulikuwa na mwanamke anakamua mawese, akatupa maji, akatupa ndizi, akamtazama mama yangu miguu iliyovimba na kuniambia bila kuzunguka: "Baba, huyu umuache hapa kwangu. Ukimbebabeba utamuua." Mama yako alilia. Mimi nilianza kueleza. Nilisema mashua haziko mbali, nitampeleka mama yako, maana hata wakati ule alikuwa anaumwa homa, nitamfikisha kwa watu, kisha nitarudi.

"Wiki moja, Mama."

"Usinitajie siku," akasema. "Wewe na siku hamuelewani. Sema tu unakwenda."

"Wiki moja," nikarudia.

Laiti ningemsikiliza hata hapo! Alikuwa ananiomba nisimwachie kipimo. Mtu asiyepewa siku haanzi kuhesabu.

Yaliyofuata unayajua: Kigoma, kambi, kisha Uganda, kisha chumba cha kwanza hapa Kyebando ambacho mvua ilikuwa inaingia kama mpangaji mwenza. Sikurudi baada ya wiki kwa sababu ya homa ya mama yako. Sikurudi baada ya mwezi kwa sababu ya vita. Sikurudi mwaka uliofuata kwa sababu tulikuwa tumehama nchi, na uliofuata huo kwa sababu wewe ulikuwa tumboni. Kila sababu ilikuwa ya kweli. Naomba uliamini hilo, ingawa halinisaidii. Ghuba nazo zote zilikuwa za kweli.

Kisha nikafanya jambo ambalo nadhani ni kubwa kuliko kompa. Nikaamua kwamba amekufa. Hakuna aliyeniletea habari, niliamua mwenyewe. Mwanamke wa umri ule, vita ile, miguu ile. Nikapeleka jina lake kanisani, likasomwa katika misa ya marehemu, na kila Novemba likasomwa tena. Ulipozaliwa nikakupa jina lake. Watu walisema vizuri, umemrudisha mama yako. Na kwa desturi yetu nikakuita Mama tangu ukiwa mchanga. Mama njoo ule. Mama umevaa viatu kinyume. Nilikupa jina lile kama mtu anayesawazisha udongo juu ya kaburi.

Ulikuwepo siku mfanyabiashara wa vitenge alipotutembelea, yule wa Fizi. Ulikuwa unamimina chai. Alikuwa mcheshi, alitaka kutufurahisha, akatusimulia vituko vya kijiji cha mjomba wake, kwenye ghuba ya michikichi. Alisema kulikuwa na bibi mmoja wa Uvira pale, watoto wakimwita Mama Mwalimu, fundi wa kuchekesha. Kila akimwona mgeni anatoka upande wa kusini alimuuliza, "Hukumpita mwalimu njiani? Anatembea kwa karatasi, atachelewa." Na kijiji kizima kinacheka. Uliweka birika chini. Uliuliza alikufa lini, na yule bwana akafikiri, akataja mwaka. Ulikuwa tayari sekondari mwaka ule, Feza. Nilikuwa nimemwombea raha ya milele miaka yote hiyo wakati yeye anamenya mihogo.

Tangu siku ile hukunilaumu hata kwa jicho. Ulichagua tu masomo ya upimaji. Ningefurahi zaidi kama ungenitukana.

Sasa nikwambie kwa nini nimekuwa nikisema tutaona.

Mama yako anasema naogopa. Jana aliniambia mbele ya jirani, "Vita hauogope weye. Unaogopa kiti ya gari." Yeye angekwenda leo kama si magoti. Nilimjibu kwamba mtu mwenye karatasi ya ukimbizi kama yangu akirudi kwao, karatasi inakufa, na ataishi wapi? Ni kweli. Nilimwambia habari za redio kuhusu Fizi si nzuri. Ni kweli pia, na kwa habari hizo ninakufa kila saa kwa ajili yako. Lakini alinitazama tu, maana anaijua sauti yangu ninapoanza kutaja ghuba moja baada ya nyingine.

Ni wewe uliyenimaliza, na ulidhani unanifariji. Ulisema, "Baba, si kama zamani. Kwa gari ni asubuhi moja tu." Asubuhi moja. Mwanangu, kwa miaka yote hii nimeupima mwambao ule kila siku, na kila mwaka kwa fimbo ndogo zaidi. Nimeuzunguka kila jiwe. Umekuwa mrefu kuliko wa Warsame, mrefu kuliko wa Norwei, mrefu kiasi kwamba hakuna binadamu mwenye haki ya kuniambia ningeweza kuumaliza. Ndivyo nilivyoishi. Sasa unanitaka nipande gari asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana niteremke penye michikichi. Nitakapoangalia nyuma niione njia yote, fupi, na wanawake wanapita na ndoo, nitamwambia nani kwamba ilikuwa mbali?

Sioni pa kutokea. Nimetafuta. Nikienda, nitajua kwamba ilikuwa karibu. Nisipokwenda, nimemwacha mara ya pili, na safari hii hakuna homa wala risasi. Nimekaa na haya mawili tangu Pasaka, na ningependa kukuandikia kwamba nimepata la tatu.

Nenda wewe. Nakusihi uende, na nakusihi uwe mwoga. Mkisikia mlio mmoja, mmoja tu, acheni vyombo ufuoni mwondoke. Mwambao unaweza kubaki bila namba. Usikubali njia kwa sababu ni fupi. Mtu akikwambia ni umbali wa siku kadhaa, muulize ni siku za nani, na kama kuna mzee katika msafara, mpime yeye kwanza. Usimtajie mtu siku utakayorudi. Nami usinitajie kesho pale kwenye basi. Kama ulikuwa umeandaa tarehe, imeze. Na mtakapoketi kulinganisha namba zenu, hawa wa Burundi, hawa wa Zambia, hawa wa Tanzania, usiwe na haraka ya kucheka. Hapa Kyebando nimeona wakimbizi wakilinganisha njia walizopita, nani kateseka zaidi, kama Warsame na Okot na bahari zao, na nimejua kunyamaza. Sijui fimbo ya mwenzangu.

Ukifika kwenye ghuba, muulizie yule mwanamke wa mawese au watoto wake. Watajie jina lako taratibu, wasije wakashtuka. Halafu watakuuliza habari zangu, na hapo ndipo ninapokuomba kwa magoti. Usinitetee. Usiseme ni mgonjwa, usiseme ni mzee, usiseme karatasi. Sema yu hai. Sema anakaa Kampala, ana nyumba yenye bati, anatembea bila fimbo hadi kanisani na kurudi. Waache wao waseme watakalosema, na usiniletee maneno hayo hata nikikuomba. Nitakuomba.

Nasikia mama yako anamwita mtu getini. Labda ni wewe.

Barua hii nitakupa mkononi leo, uisome mbele yangu ukitaka, ukasirike nikiwa bado karibu. Waambie wenzako ile nafasi kwenye gari wampe mtu mwingine. Sitakuja wiki ya pili, wala baadaye, wala mambo yakitulia. Mimi sitarudi.

Baba yako